Mafuta Meupe, Macho ya Anisia

Kasingirima, Ujiji
Jumapili, saa kumi jioni

Mama,

Hujapata kusoma barua yangu hata moja, na hii nayo hutaisoma kwa macho. Ulipokuwa hai ulinikuta kila mara nimeinamia daftari, ukacheka: "Vene, hata chumvi unaiandika?" Niliiandika, Mama. Chumvi, mvua, nani kapita kutusalimia, mafuta yamekaa motoni muda gani. Leo nashukuru kwamba niliandika, na leo hiyohiyo kuna kurasa ninazotamani zisingekuwa kwa mwandiko wangu. Nitakueleza.

Lakini nisikuweke roho juu. Habari yenyewe ni hii: Anisia anaona. Jua likishazama, adhana ya Magharibi ikishakwisha, mwanao anaiona njia, anamwona paka, anakiona kidole changu nikimtishia kwa mbali. Hashikwi mkono tena. Akishikwa anauchomoa, anasema, "Dada, mimi si mzigo."

Basi pumua. Mimi nilipopumua mara ya kwanza nilikaa kwenye kizingiti cha jiko nikalia mpaka Mama Zaituni akatoka mbio na mwiko mkononi, akidhani tumepata msiba wa pili.

Sasa nirudi nyuma kwa utaratibu, maana unanijua, nisipopanga mambo yananipotea.

Wiki ile ya homa yako uliniita niinamishe sikio. Ulisema hivi, na niliyaandika jinsi yalivyo kwa kuogopa nisije kuyabadilisha: "Nilimwacha mama yangu gizani, Mungu amempa mwanangu giza. Hili ni langu. Usimpeleke mtoto popote, usihangaishe watu." Siku hiyo sikuandika kitu kingine. Siku ya tatu yake ulifariki. Walikuzika hapa Ujiji, wanaume wa mtaa huu ambao wengi hukuwajua majina, na padre alikuja kutoka mjini kwa miguu.

Najua ulichokuwa unakiona ulipokuwa unasema vile. Ulikuwa unamwona Bibi juu ya kigoda mlangoni, na boti linasubiri kule ufukweni, na jua limekwisha. "Nendeni. Mimi jioni sioni njia, nitawachelewesha." Ulimbembeleza. Akasema mara ya pili, kwa ukali, kama anavyofukuza mbuzi. Watu wa boti wakaita. Ulimshika Anisia mkono, ukatangulia, hukugeuka.

Mimi niligeuka, Mama. Sikupata kukuambia. Bibi alikuwa anatupungia mkono, lakini anapungia upande wa migombani, ambako hatukuwapo. Nilinyamaza nalo tangu ufukweni kule hadi leo. Nilidhani nikilisema litakuua. Kumbe ulikuwa na lako lililokuwa linakuua bila msaada wangu.

Unakumbuka tulivyofika hapa. Wengi wa kwetu walipelekwa kambini kule juu. Sisi Mama Zaituni alitupokea kwa sababu ya marehemu Baba, aliyekuwa akimletea mawese kutoka kwetu ng'ambo ya ziwa miaka ya amani. Alitupa chumba cha uani, mjumbe akatuandikisha, wewe ukaanza kuanika dagaa ufukweni Katonga na mimi nikashika jiko. Mwezi wa Septemba Anisia akaugua surua. Akapona, akabaki mwepesi kama kifuu. Tulimshukuru Mungu tukadhani yamekwisha.

Kisha daftari linasema hivi. Jumatano, wiki ya kwanza ya Novemba: Anisia kaangusha ndoo ya maji mlangoni, kasema hakuiona. Ijumaa: kamkanyaga paka wa Mama Zaituni, paka kamkwaruza, mtoto kalia, paka kalia. Jumatatu inayofuata: watoto wa jirani wanamwita Kuku.

Ile sauti yao bado naisikia. "Kuku kalala! Jua limezama, ingia bandani!" Na yeye anasimama katikati ya uwanja mikono mbele, hajui ageukie wapi. Tangu siku hiyo ukawa unamwingiza ndani kabla jua halijagusa maji, unawaambia watu, "Huyu wangu ana adabu, hapendi kuzurura." Watu wakakusifu kwa malezi. Nilijua. Na ulijua kwamba najua. Tukaishi hivyo hadi Machi.

Baada ya kukuzika nilishika kazi yako ya dagaa, na jioni niliushika mkono wa Anisia kama ulivyoushika wewe. Nilitii. Wosia ni wosia. Kila jioni namwingiza, namweka kwenye mkeka, yeye anauliza kama taa imewashwa, wakati taa iko mbele yake lakini ukuta wote unaoizunguka umemezwa na giza. Nilikuwa nahesabu miezi, nikijiuliza mchana nao utaanza kwenda lini.

Arobaini yako ilipokwisha, Mama Zaituni aliniketisha. Unamjua, hazunguki. "Binti, wosia wa marehemu tunauheshimu. Lakini wosia wa homa si wosia, ni homa. Kesho asubuhi mtoto anakwenda kwa watu wa macho." Nikasema Mama alikataza. Akasema, "Mama yako alikataza kuhangaisha watu. Mimi si watu, mimi ni mwenye nyumba."

Tukaenda. Kliniki ya macho mjini, foleni ndefu, Anisia kavaa ile gauni ya maua uliyoikata kwenye kitenge chako. Aliyetupokea ni mzee mfupi, Bwana Ruhinda, sauti yake ya taratibu kama mtu anayefundisha mtoto kufunga kamba ya kiatu. Akammulika macho, akamfunika jicho moja, akamfunika lingine. Akauliza kama aliwahi kuugua surua. Nikafungua daftari, nikamwonyesha Septemba. Akanitazama. Akauliza tunakula nini.

Mama, sijui nikuelezeje nilivyojisikia. Nilikuwa kama mwanafunzi aliyeulizwa swali alilolikariri. Nikasoma kwa sauti, kwa fahari kabisa. Ugali wa muhogo. Maharage. Dagaa, vichwa na matumbo vimetolewa. Mafuta ya mawese, yamechomwa nusu saa, yametoa moshi, yamekuwa meupe kama maji.

"Rudia hapo."

"Pa dagaa?"

"Pa mafuta."

Nikarudia. Akaweka kalamu chini.

Akauliza nani kanifundisha kuyachoma hivyo. Nikasema Mama, na yeye kafundishwa na mama yake. Kwetu mwanamke anajulikana kwa weupe wa mafuta yake. Akauliza huko kwetu tulikuwa tunayalia nini. Nikaanza kutaja: lengalenga, hapa wanaita mchicha, sombe, hapa wanaita kisamvu, majani ya maboga, viazi vile vya njano, mapapai yaliyoangukia shimo la takataka kwa wingi. Kadiri nilivyotaja ndivyo sauti ilivyonipungua, kwa sababu hapa hatukuwa na bustani, na hata kimoja katika hivyo hakikuwa kwenye daftari langu. Akasema, "Huko mlikuwa na milango mingi. Hapa mlibaki na mmoja, na huo mkaufunga kwa moto."

Kisha akachukua boksi la dawa tupu, akalipasua, akachora.

Nakueleza kama alivyonieleza, maana wewe ungeielewa kuliko mimi. Ulikulia kwa baba anayetega ndege. Nyuma ya jicho, alisema, kuna utando mwembamba kuliko wa kitunguu. Ndani ya utando huo kuna mitego isiyohesabika. Kila mtego ni protini, na protini hiyo peke yake haioni kitu, kama kitanzi kisicho na kijiti. Inashika kijiti kidogo sana kilichopinda. Mwanga ukikigusa, kijiti kinanyooka, mtego unafyatuka, habari inakimbia kwenye ubongo: kuna kitu pale. Baada ya hapo mtego hauna faida mpaka upate tena kijiti kilichopinda. Na kijiti hicho mwili hukitengeneza kwa vitamini A. Mchana mwanga ni tele, mitego inayotumika ni mingine na haihitaji kuhangaika. Jioni mwanga unakuja kwa kudondoka, na mitego ya jioni inatakiwa iwe imetegwa yote. Vijiti vikipungua, hiyo ndiyo inayolala kwanza.

Na vitamini yenyewe? Ule wekundu wa mawese, Mama. Ule tuliokuwa tunaufukuza kwa moshi. Mwili ndio unaougeuza. Mimi na wewe tulikuwa na akiba kwenye ini, watu wazima. Yeye alikuwa mdogo, anakua, na surua ilishamchotea alichokuwa nacho.

Ule mtego una jina, rodopsini. Nililiandika kwenye mtihani wa sekondari na nikasahihishiwa vema. Nilijua kulitamka, nilijua kuchora jicho na mishale yake yote. Sikujua kwamba linategemea sufuria ninayoikoroga.

Anisia alikuwa kwenye kiti muda wote ule, nikadhani kasinzia. Ghafla akauliza, "Na kuku?"

Bwana Ruhinda akamgeukia kwa heshima zote. Akamwambia kuku ana mitego mingi ya mchana na michache ya jioni, ndiyo sababu analala mapema. Lakini mchana anamzidi binadamu: ana mtego wa rangi ambayo sisi hatujawahi kuiona. Akauliza paka. Paka ana mitego ya jioni kwa wingi, na nyuma yake kuna kitu kama kioo kinachorudisha mwanga unaoponyoka, ili unaswe mara ya pili. Ule mng'ao wa macho yake ndio huo. Akauliza dagaa. Akaambiwa maji ya ziwa hili yanaanza kumeza mwanga mwekundu hapa juu tu, na kadiri unavyoshuka unaobaki ni wa buluu, kwa hiyo samaki wa chini mitego yao imetegwa kuunasa huo. Mtego ni wa ukoo mmoja kwa wote. Namna ya kuutega ndiyo inayotofautiana.

"Kwa hiyo mimi na dagaa ni ndugu?"

"Kwa upande wa macho, ndugu kabisa."

Njia nzima ya kurudi hakuzungumza lingine.

Lakini sikuondoka pale nikiwa mwepesi. Nilimwambia habari za Bibi, kwamba naye jioni haoni. Akafikiri. Akauliza mboni za Bibi zilikuwaje, nikasema zilikuwa na weupe, kama maziwa yaliyoenguliwa, na hata mchana tulikuwa tunamtungia uzi kwenye sindano. Akasema basi huenda ni mtoto wa jicho, uzee tu, ila hajamwona na hawezi kuapa. Kisha akaniambia lile lingine kwa sauti ya chini: wako watu ambao mtego wenyewe wamezaliwa nao una kasoro, unapita katika ukoo, na hao vitamini haiwafai kitu. "Sidhani kama ni hilo. Kama ni chakula, siku chache utaona tofauti. Kama siku zinapita..." Akamalizia kwa kupanga karatasi zake.

Akachukua kidonge laini, chekundu, akakata ncha kwa mkasi, akamkamulia Anisia mdomoni. Kingine kesho yake, na cha tatu baada ya wiki mbili.

Unaelewa niliyokuwa nayo njiani. Kama ni chakula, mtoto atapona na wewe huna hatia. Kama ni ukoo, basi lile neno lako la homa lingepata mahali pa kukaa: Bibi, kisha Anisia, giza likifuata damu. Nilitembea nikimwomba Mungu iwe ni mafuta. Yaani nilikuwa naomba niwe mimi.

Nikapanga jaribio. Kila jioni, adhana ya Magharibi ikiisha, naweka kandambili moja uani, Anisia anatoka mlangoni kuitafuta, nami naandika.

Siku ya kwanza: kapapasa hewa, kaikosa, kakaa chini.

Siku ya pili: kaipata, kwa mguu.

Siku ya tatu: kaenda moja kwa moja, kaiokota, kaniletea. Moyo ulinipasuka kwa furaha mpaka nilipoona macho yake yametazama juu ya bega langu, sio usoni. Kumbe alikuwa amehesabu hatua. Nilikuwa naiweka mahali palepale, na yeye alikuwa ameshika. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nilitaka ufurahi." Mama, ana miaka minane.

Siku ya nne mvua. Sikuandika kitu ila neno mvua.

Siku ya tano nilibadilisha mahali bila kumwambia, nikaiweka karibu na kinu cha Mama Zaituni, upande ambao hajawahi kupita jioni. Watoto wa jirani walikuwa wamekaa ukutani wanangoja mchezo wao. Mmoja akaanza: "Kuku katoka bandani!" Anisia akasimama mlangoni. Akageuza kichwa taratibu, kushoto, kulia, kama mtu anayesoma. Kisha akatembea. Akampita paka, akamzunguka, hakumkanyaga. Akafika kwenye kinu, akainama, akainua.

"Dada, mbona leo umeweka ya kushoto?"

Ilikuwa kweli ya kushoto; mimi mwenyewe sikuwa nimeangalia. Yeye akamgeukia yule wa ukutani, akamtazama usoni hasa, akamwambia, "Na kuku anaona rangi ambayo wewe huijui, mjinga." Ndipo nilipokwenda kukaa kwenye kizingiti.

Mama Zaituni alipokwisha kuelewa, alicheka mpaka akaketi kwenye kile kinu. "Niliwaambia! Kila siku nawauliza, ninyi mnapika mafuta au mnafukiza majini? Nyumba yangu imekuwa nyeusi dari nzima! Mungu akatia rangi, ninyi mnatoa, kwani alikosea?" Kisha akaacha kucheka, akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akasema, "Laiti Mama yenu angeliona hili."

Sasa nifike pale nilipokuwa nakwepa.

Nilikaa na habari hii wiki tatu kabla sijaweza kushika kalamu. Furaha ninayo, isipokuwa sikujua nikuambieje kwamba ni mafuta, maana weupe ule ulikuwa wako. Hukubeba kitu kutoka kwa Bibi. Hukubeba kikapu chake, wala kitambaa, wala picha. Ulibeba namna yake ya kuyachoma mafuta. Nilikuona mara ngapi umesimama juu ya sufuria, unadondosha tone la maji, unatega sikio, unasema kwa sauti ambayo si yako, "Yakinyamaza, yameiva." Ilikuwa sauti ya Bibi. Nilifahamu hivyo hata wakati ule.

Na kuna hili, ambalo ni langu. Wewe ulikuwa Katonga kutwa nzima. Mikono iliyoshika sufuria ni yangu. Ulipokuwa unapika wewe, ulikuwa unayaepua yakiwa bado na unjano kidogo. Daftari linaonyesha: dakika kumi, dakika kumi na mbili. Mimi, kwa kupenda kufanya mambo yakamilike, niliongeza. Robo saa. Dakika ishirini. Kufika Oktoba nusu saa, na pembeni nimeandika, "safi kabisa." Siku moja ulirudi mapema, ukasimama mlangoni, ukasema, "Toa sasa, yatosha." Nikajibu, "Bado kidogo, Mama." Jibu hilo sikuliandika, ila ninalo.

Nilimwambia Bwana Ruhinda pia. Alilisikiliza lote, kisha akasema kwamba ingekuwa ni kosa la mafuta peke yake, nusu ya wake wa pwani ya ziwa wangekuwa mahakamani. Ilikuwa surua, akasema, na kuhama, na bustani iliyobaki ng'ambo, na mafuta. Vyote vilikutana kwa mtoto mmoja. Akaniambia na jambo jingine: kwamba kama nisingeyaandika yale, angekisia tu. Sasa nafanya kazi ya kuandika wagonjwa kwenye zahanati moja ndogo kule Gungu. Yeye ndiye aliyenipeleka. Alisema mtu anayeandika namna hii asianike dagaa. Basi daftari lililonishtaki ndilo linalonilisha. Sijui kama hiyo ni haki, ila nimeipokea.

Kuhusu Bibi, Mama. Sitakudanganya kwamba nimelifuta. Alibaki, na sisi tuliondoka, na sijui kama yuko hai. Kila anayekuja kutoka upande ule namuuliza. Hilo ni jambo lenye uzito wake na tutalibeba mimi na wewe, kila mtu upande wake. Lakini macho ya Anisia hayakuwa bei yake. Mungu hakumchukulia mtoto jioni zake kukuadhibu wewe. Ni wekundu tu uliokosekana kwenye sahani. Ulirudi, na macho yakarudi, kwa siku tano.

Kwa hiyo litue, Mama. Nakuomba. Nililolikuta kwenye daftari ni jambo la jikoni, na la jikoni tunaweza kulirekebisha.

Hapa kwetu sasa mafuta yanaingia sufuriani mekundu na kwenye sahani yanafika mekundu. Kola za sare ya Anisia zina madoa, ungenigombeza. Dagaa tunawala na vichwa vyao na matumbo. Bwana Ruhinda kasema macho na maini yao yana hazina, na sisi tulikuwa tunawamwagia kuku wa Mama Zaituni. Kuku wamekasirika, wananifuata hadi mlangoni. Uani nimepanda lengalenga tuta moja, mbegu alinipa mama mmoja wa kwetu sokoni. Zimeota.

Ukurasa unaofuata nimeuandika kwa herufi kubwa kubwa. Hizi zilizotangulia ni zetu wawili, nitazichimbia chini ya lile jiwe la kichwani pako. Ukurasa wa mwisho atakusomea Anisia. Yuko darasa la pili, anasoma kwa kidole, mvumilie.

*

Mama,

Mimi ni Anisia. Dada ameandika, mimi ninasoma.

Nimekuja peke yangu. Dada yuko nyumbani. Alitaka kunisindikiza nikakataa.

Sasa ni jioni. Jua limeingia kwenye maji upande wa kwetu. Hapa Dada ameacha nafasi, niseme mwenyewe ninachokiona. Naona msalaba wako. Naona jina lako, na herufi ya pili imeanza kufutika, nitamwambia Dada aje na rangi. Naona mbuzi wa watu, macho yake yanang'aa.

Mama, mimi si mgonjwa. Haikuwa wewe. Dada amesema nisome hapo mara mbili. Haikuwa wewe.

Tunakuahidi mafuta hatutayachoma. Tunakuahidi tutamtafuta Bibi, na tukimpata tutamshika mkono sisi, mchana na jioni. Mimi nitakuwa nakuja kila Jumapili saa kama hii, na nitakuambia ninachokiona.

Lala salama, Mama. Umetushika mikono siku nyingi. Pumzisha mikono.

Dada ameandika mstari mmoja wa mwisho, ni wangu mimi, lakini nausoma na wewe usikie:

Anisia, kunja karatasi, rudi nyumbani. Njia unaiona.